Mtungi wa Kwanza Haukuwa na Jirani

Siku ile mtungi ulipokataa kuzungumza naikumbuka mpaka leo, mwanangu, pamoja na harufu ya jivu mikononi mwangu. Nilikuwa mukazana, yaani mke wa mwana wa nyumba, na nilikuwa na miezi minne tu pale Kitahana. Nilikuwa nimepiga magoti uani, sikio langu kwenye mdomo wa mtungi wa pombe, nasikiliza. Pombe ya ndizi ikiwa hai inasema. Inanong'ona kama mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba, na ukiweka shavu karibu unasikia vitone vinakurukia. Ile ya kwangu ilikuwa kimya kama maji ya kunawa.

Kabla hujaniuliza: ndiyo, pombe. Kanisa letu siku hizi halinywi, na mimi sijaonja tangu mtoto wangu wa tatu azaliwe. Sikusimulii ili ukanywe. Ukitaka kunywa najua hutasubiri ruhusa yangu. Nakusimulia kwa sababu ya swali aliloniletea mjukuu wangu Eliana, na kwa sababu nilimjibu vibaya, na mtu mzima akijibu vibaya inampasa arudi akajibu tena.

Eliana anasoma sekondari, Kibondo mjini. Jumapili moja tumekaa kibarazani tunachambua maharage, akaniambia, "Bibi, mwalimu amesema zamani sana duniani hapakuwa na kitu chochote chenye uhai. Mawe, maji, moshi wa milima ya moto, radi, basi. Halafu kutoka kwenye hivyohivyo visivyo hai ndiyo uhai wa kwanza ukatokea. Sasa mimi nawaza, ulitokeaje?"

Nikamwambia afunge mdomo achambue maharage. Nikaongeza na mengine juu ya watoto wanaosomeshwa kwa jasho la wazazi halafu wanarudi nyumbani kubishana na Mungu. Akainamia maharage. Wiki mbili nzima nikawa napewa "ndiyo bibi" na "hapana bibi", na masahani yanaoshwa bila wimbo. Ndani ya wiki hizo mbili ndipo nikakumbuka kwamba swali lile nilishawahi kuliuliza mimi mwenyewe, nimezidi umri wake kidogo tu, nimebeba kibuyu kifuani. Na niliyemuuliza hakunifunga mdomo.

Basi keti, usinikatishe.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu mwema mwenye hasira za karibu. Wakati wa kiangazi tulikuwa tunalima maharage bondeni, kule kwenye unyevu, na jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alikuwa na mbuzi wasiojua kamba. Siku moja wakaingia wakala mistari sita. Baba mkwe akawakuta, akarusha panga. Anaapa alirusha kuwatisha tu. Panga likampata mbuzi mmoja mguu wa nyuma, mbuzi akabaki kilema. Toka siku hiyo nyumba mbili zilizochota maji kwenye kisima kimoja zikawa hazisalimiani. Watoto wakaambiwa wasicheze pamoja. Mtu akifiwa kwao, sisi tunakaa kwetu tunasikia vilio tu, hatuendi. Mwanangu, hicho ni kitu kibaya sana kukisikia.

Wazee wa kitongoji wakakaa, wakasema makosa yako pande zote, ila aliyeinua panga ndiye aanze. Alete mtungi mmoja mkubwa wa pombe ya ndizi, siku ya Jumamosi. Wenye nyumba zote mbili wanywe humohumo kwa mirija, kesi iishe. Pombe ikikosekana, au ikiletwa mbichi, itahesabiwa kuwa ni dharau, na wazee hawatakaa mara ya pili. Mwenye mbuzi alikuwa na kaka zake Kasulu waliokwisha kusema kwamba wao hawahitaji wazee kusuluhisha.

Unaelewa sasa kilichokuwa ndani ya mtungi ule.

Mama mkwe wangu, Anjelina, ndiye aliyejua kuipika pombe. Lakini dada yake alikuwa mgonjwa Kasulu, akaitwa. Akaniita uani akanitazama toka kichwani hadi miguuni kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema, "Ndizi ziko shimoni, Jumanne zitakuwa zimeiva. Mume wako atakamua. Wewe utachanganya na mtama. Umeona nikifanya mara mbili. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Ningesema nini? Mimi nilivuka kutoka Burundi nikiwa msichana, na nguo niliyovaa na sufuria moja. Nimeolewa na mwana wa wenyeji. Kisimani walikuwa wananiita mkimbizi, wengine kwa utani, wengine bila utani. Nilitaka Jumamosi ile wazee wavute mirija, waulize nani ametengeneza, watajiwe jina langu.

Sasa sikia upumbavu wa kujua nusu. Kule tulikopokelewa kwanza baada ya kuvuka, muuguzi mmoja wa zahanati alikuwa anatufundisha akina mama na wasichana chini ya turubai. Chemsheni maji. Osheni mikono. Suuzeni vyombo kwa maji ya moto. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara, na waliomsikiliza wakaacha kuzika. Nilimpenda yule mama. Maneno yake niliyabeba kama mahari. Nilipofika Kitahana nikaona wanakamua ndizi kwenye muvure, lile gogo refu lililochongwa kama mtumbwi, jeusi kwa ndani, linanata, halijaoshwa tangu lichongwe. Moyoni nikasema, hawa watu wana bahati hawajafa.

Kwa hiyo mama mkwe alipopanda lori la kwenda Kasulu, nilianza kazi. Nikachemsha maji madebe manne. Nikasugua muvure kwa jivu na mchanga mpaka mbao ikawa nyeupe, nikaumwagia maji yanayotokota, nikarudia. Mtungi nao vivyo hivyo. Mume wangu Zakaria alipokuja kukamua nikampa sabuni.

"Nimeshanawa," akasema.

"Nawa mpaka kiwiko."

"Mke wangu, unaniandaa kukamua ndizi au kuzikwa?"

Akanawa. Akakamua kwa nyasi kama ilivyo kawaida, na nyasi zenyewe nilikuwa nimezipitisha kwenye maji ya moto. Juisi ikatoka safi. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikaitazama nikaona bado ina vipovu na vijisisimizi, nikaimimina kwenye sufuria kubwa ya shughuli, nikaichemsha. Ndiyo, nikaichemsha. Mtama nao nikaukaanga mpaka ukakaribia kuungua, nikausaga, nikautia. Nikafunika mtungi kwa jani la mgomba nililolibabua motoni. Nikalala nikijua Kitahana haijawahi kuona pombe safi kama ile.

Jumatano asubuhi nilitega sikio. Kimya. Nikajisemea, bado mapema. Jumatano jioni, kimya. Zakaria akachovya kidole akalamba. "Tamu," akasema. Pombe ya siku ya pili haitakiwi kuwa tamu. Alijua, na mimi nilijua, tukaangaliana, naye akajifuta kidole.

Alhamisi asubuhi ndipo ulipo mwanzo wa hadithi hii, mimi na magoti yangu uani. Na hapohapo ndipo mama mkwe alipotokea njiani na kifurushi chake kichwani. Hakusalimia. Alishusha kifurushi, akanisogeza kwa goti, akaweka sikio lake pale lilipokuwa langu. Akanusa. Akatazama muvure uliokuwa umeegeshwa ukutani, mweupe kama mfupa.

"Imekufa hii," akasema.

"Haijafa, mama. Haijaanza tu."

"Umeifanya nini?"

Nikamwambia. Hatua moja moja, na mwanzoni nilisema kwa kujivuna kidogo, maana bado nilidhani usafi utanitetea. Nilipofika kwenye kuchemsha juisi alikaa chini kwenye mchanga, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini bila mkeka.

"Umeua," akasema.

"Nimeua nini, mama? Mle ndani hamkuwa na kitu."

"Hamkuwa na kitu unachokiona wewe. Ule weusi wa muvure, unafikiri ni uchafu? Ni waliokula humo wakazaa humo tangu niolewe. Kila ukikamua, wanaamka wanaifanya kazi. Mimi siipiki pombe. Mimi nawaandalia chakula, na wao wanapika. Sasa umeandaa karamu, na wageni wote umewaunguza mlangoni."

Hakuwa amesoma hata darasa moja, mwanangu. Darubini hakuwahi kuiona. Lakini alijua.

Mimi nikashika kamba ya mwisho niliyoiona. Nikamwambia, "Mama, tuusubiri. Labda uhai utakuja wenyewe."

Hakunicheka. "Utakuja," akasema. "Acha mtungi wazi, upepo uvume, inzi aje, siku moja utasikia kitu humo. Labda kizuri, labda siki, labda kitu cha kuumiza tumbo. Lakini hata hicho hakitakuwa kimetoka hewani tu bila mzazi. Kitakuwa kimeletwa. Na wewe huna siku za kusubiri cha kuletwa na upepo. Una leo na kesho. Nenda kaombe chachu."

"Kwa nani?"

Hapo akatazama ng'ambo ya kijito, na nikajua. Kilikuwa kiangazi kikali, migomba ilikuwa imezaa kidogo, na mitungi ya watu ilikuwa imekauka wiki nyingi. Nyumba moja tu ilikuwa imetengeneza pombe juzi, kwa ajili ya wageni wa ubatizo. Nyumba ya ng'ambo ya kijito. Nyumba ya mbuzi.

Nikasema siwezi. Akasema, "Uliweza kuchemsha." Akanipa kibuyu.

Nilivuka kile kijito nikiomba Mungu nisimkute mtu. Nikamkuta mwenyewe, Mama Melisiana, mwenye mbuzi, anamenya mihogo. Nyuma yake mbuzi alikuwa amelala na mguu wake ulionyooka kama kijiti. Nikapiga magoti nikasalimia kwa Kirundi, maana Kiswahili kilinikimbia.

"Wametuma mkimbizi," akasema, hajainua macho. "Umekuja kuona kama mbuzi amekufa ili mpunguze pombe?"

"Nimekuja kuomba machicha."

"Machicha ya nini?"

"Ya pombe. Yale mazito yaliyobaki chini ya mtungi wenu."

Akainua macho sasa. "Ya kuwasha pombe ipi?"

Nikamwambia. Ya Jumamosi. Yenu. Nikamwambia na habari ya kuchemsha, kwa sababu nilikuwa nimeshaanguka, kilichobaki ni kufika chini. Alinisikiliza kisu kikiwa hewani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Akaweka kisu chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

"Subiri nielewe," akasema. "Baba mkwe wako amemkata mbuzi wangu. Anatakiwa aniletee pombe kuniomba radhi. Na sasa pombe ya kuniomba radhi nianze kuitengeneza mimi?"

"Ego, mama," nikasema. Ndiyo, mama.

"Na juisi ukaichemsha."

"Nikaichemsha."

"Masikini Zakaria," akasema, akainuka.

Aliingia ndani akakaa huko muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko safari ya kuvuka mpaka. Alipotoka, kibuyu kilikuwa nusu, na ndani yake kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya udongo, kinachemka polepole bila moto. Akanishikisha, lakini hakukiachia mara moja.

"Usiseme kwamba nimewakopesha," akasema. "Mimi nilipoolewa hapa nilikuja mikono mitupu. Chachu ya kwanza ya nyumba hii alinipa mama mkwe wako, kwa mkono wake, kabla Zakaria hajaota meno. Hii inarudi kwao tu. Mwambie Anjelina bado inaishi."

Nilirudi nimeibeba kifuani, nimeifunika kwa khanga isipigwe na jua, kama mtoto aliyezaliwa leo. Na njiani ndipo swali likanijia. Kama hii ilitoka kwetu, kwetu ilitoka wapi? Nilipofika, mama mkwe akamimina kibuyu kwenye mtungi, akakoroga kwa mkono wake wenye mavumbi ya Kasulu, makusudi, ananitazama usoni. Nikamfikishia salamu. Aligeuka upande akajifanya anatafuta mfuniko.

Nikamuuliza, "Mama, wewe chachu hii ulipewa na nani?"

"Na mama yangu, kule kwetu Gwarama. Nilikuja nayo kwenye kibuyu siku ya harusi."

"Na yeye?"

"Na mama mkwe wake."

"Na huyo?"

"Na mwingine. Unataka nini?"

"Nataka kujua wa kwanza kabisa, mama. Yule ambaye hakuwa na wa kumwomba."

Nilitegemea anifukuze nikachote maji. Mama mkwe wangu akakaa kwenye kigoda, akaufunika mtungi kwa jani, akaweka viganja vyake viwili juu ya jani kama mtu anayemwekea mtoto mikono.

"Sijui," akasema.

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima akisema neno hilo kwa sauti iliyotulia. Kisha akaendelea, polepole. "Lakini nimewahi kuliwaza, nikiwa nakamua. Huwezi kuniambia kila mtungi uliomba kwa mtungi mwingine, milele, bila mwanzo. Mahali fulani kulikuwa na mtungi wa kwanza, na ule haukuwa na jirani. Haukuomba kwa mtu. Ulianzaje, sijui. Ninachojua ni kwamba aliyeuanzisha hakuwa na haraka yako. Hakuwa na wazee wanakuja Jumamosi."

Ijumaa alfajiri mtungi ulizungumza. Sihitaji kukuambia nilikimbia uani na nguo gani. Nilisikia ule mnong'ono, nikamwita Zakaria, naye akaweka sikio, tukabaki hivyo vichwa vimegusana kama wajinga wawili.

Jumamosi wazee walikuja. Waliketi pande mbili, mtungi katikati, mirija ikaingia. Mama Melisiana akavuta, akavuta tena. Mzee mmoja akauliza, kama nilivyoota atauliza, "Nani ametengeneza hii?" Nikafungua mdomo. Mama Melisiana akaniwahi. "Sisi," akasema. Akakohoa kidogo. "Mimi na huyu mukazana wetu." Baba mkwe akamtazama, hakuelewa, na mama mkwe akaangalia miguu yake mwenyewe asicheke. Basi wakanywa. Mwezi uliofuata kwao walipofiwa, sisi tulikuwa wa kwanza kufika. Kisimani wakaendelea kuniita mkimbizi wiki chache, halafu likaisha lenyewe, maana Mama Melisiana alikuwa akilisikia anauliza, "Mkimbizi gani? Yule wangu?"

Sasa nirudi kwa Eliana.

Baada ya zile wiki mbili nilimwita, nikamwambia haya yote kama nilivyokuambia wewe. Nikamwambia pia kwamba nilikosea kumfunga mdomo. Alinitazama kama anayehofia ninaumwa. Halafu akaanza kuongea, na mwanangu, aliongea mpaka maharage yakaungua.

Aliniambia vile alivyosema mama mkwe juu ya muvure ni kweli tupu, kwamba ni viumbe hai vidogo sana, na kwamba siku hizi kila kilicho hai huzaliwa na kilicho hai. Hata wadudu wa kwenye maharage. Mimi hadi uzeeni nilidhani vile vidudu vinatokana na maharage yenyewe yakikaa sana. Kumbe mama yao alipita shambani akataga. Nikamwambia, "Basi mwalimu wako amejikanusha. Kama uhai huzaliwa na uhai, wa kwanza hauwezi kutoka kwenye jiwe."

"Ndiyo maana ni swali, bibi," akasema. "Leo ndivyo ilivyo. Siku ile ya kwanza haikuwezekana kuwa hivyo."

Akanieleza wanavyokisia. Wengine wanasema ilikuwa chini ya bahari, kwenye nyufa zinazotoa maji ya moto. Wengine wanasema ilikuwa juu ya nchi, kwenye madimbwi yenye joto, yanayojaa mvua ikinyesha na kukauka jua likiwaka, yakajaa tena, yakakauka tena. Vitu vilivyoyeyuka mle vinabaki vinabanana, vinashikana, vinaungana kuwa virefu zaidi. Hilo nililielewa haraka. Nilishaona chumvi ya Uvinza inavyopatikana: maji yanatoka ardhini, unayaona ni maji tu, yanakaushwa, na kitu ambacho hukukiona kinabaki kimekaa pamoja. Akasema wataalamu wamejaribu kwenye chupa zao, wakapata vipande vya kujengea mwili kutoka kwenye vitu visivyo na uhai. Lakini kiumbe hai chenyewe, kinachokula na kuzaa, hawajakipata.

"Kwa hiyo hawajui," nikasema.

"Bado hawajui, bibi."

Lile "bado" nililipenda. Mama mkwe angelipenda.

Nikamuuliza mbona basi haitokei tena leo, madimbwi si yapo. Akasema huenda kitu kikianza leo, kabla hakijasimama, walio hai wameshakila. Madimbwi ya leo yana wenyewe. Yale ya kwanza yalikuwa matupu, na muda wake haukuwa Alhamisi na Ijumaa. Ulikuwa mrefu kiasi kwamba nilipomwambia auhesabu kwa maisha ya bibi na bibi wa bibi, alisema vidole vya Kibondo yote havitoshi.

Kisha akasema kitu kilichonifanya niweke ungo chini. Alisema wataalamu wakitazama ndani ya kila kilicho hai, wanakuta maandishi ya namna moja. Mgomba, mbuzi, mtu, na kile kijidudu cha kwenye muvure. Wanaona ni ukoo mmoja, umetokana na mwanzo mmoja. Nikawaza: kumbe wakati nimepiga magoti pale uani kwa mwenye mbuzi, mimi na yeye na mbuzi aliyelala na mihogo iliyomenywa na kile kilichokuwa kwenye kibuyu, sote tulikuwa tumepewa chachu ileile, mkono kwa mkono, bila kukatika hata mara moja. Ingekatika mahali, nisingekuwepo kukusimulia. Na mimi walikuwa wananiita wa kuja.

Usiniulize kama haya yanapingana na kanisa. Mimi si mchungaji. Kanisani nimefundishwa kwamba mtu alifinyangwa kwa udongo, na udongo hauna uhai, na sijawahi kuona mtu akikasirikia udongo. Mungu alifanya vipi na alichukua muda gani, hakunishirikisha. Eliana akiendelea kutafuta, anatafuta kwenye nyumba ya Mwenyezi, hajavunja mlango.

Sasa nasaha yangu, na uishike, maana siirudii.

Ukijua kitu kimoja kizuri, usikimwagie kila mahali kama maji yangu ya moto. Yule muuguzi hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, kwa kudhani kwamba nikishajua moja nimejua yote, na kwamba weusi nisioujua ni uchafu. Kabla hujasugua cha watu uliowakuta, uliza kinafanya kazi gani.

Ukiharibu, sema. Nenda hata kwa yule usiyemtaka, na kibuyu mkononi. Nyumba zile mbili hazikupatanishwa na wazee, zilipatanishwa Alhamisi, kwa kicheko cha mwanamke mmoja.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, na usimkasirikie aliyeuliza. Mimi nilipewa "sijui" moja nikiwa msichana, ikanilisha hadi uzeeni. Mjukuu wangu nilitaka kumnyima hata hiyo. Na wewe uliye kijana, usione aibu kuuliza mtungi wa kwanza ulianzaje. Nenda shule ukaulize, kaa kwenye mawe na madimbwi ukaulize. Nikiwa hai uje uniambie, nami nitakubishia kidogo, kisha nitasikiliza.

Na uhai ulio nao usiubebe kama mali yako. Umeupokea ukiwa unachemka. Uufunike usipigwe na jua, halafu jirani akija kuomba, hata yule wa mbuzi, umpe nusu ya kibuyu.

Mungu aliyekuwepo kwenye dimbwi la kwanza, wakati hapakuwa na jirani, akae na wewe mahali utakapojiona huna jirani. Akupe masikio ya kusikia kitu kinapoanza kunong'ona. Na siku mtungi wako ukinyamaza, akuonyeshe njia ya kuvuka kijito.

Haya, kalete maharage. Yachambue vizuri, na kama una swali, uliza huku mikono inafanya kazi.